Mwaka Ule Kompyuta Ilituvua Viatu

Jumamosi tulimzika Mama Njeri, na nikwambie ukweli, walimzika vibaya. Si kaburi. Kaburi ilikuwa sawa, vijana wa kanisa waliichimba ikanyooka. Vibaya ni ile karatasi. Unajua siku hizi hakuna mtu anazikwa bila kitabu ya rangi, picha mbele, njiwa wakiruka kwa kona, na ndani historia ya marehemu. Basi mpwa wake mmoja, suti imembana kama soseji, akashika maikrofoni akaanza kusoma. Sisi tumeinamisha vichwa na huzuni zetu, tunasikia ati Mama Njeri alikuwa mume mpendwa. Baba mwenye bidii. Mzee wa kanisa aliyejulikana kwa kuchinja mbuzi kuliko mtu yeyote huko kwao. Watu wakaanza kuangaliana, lakini kijana hakusimama, aliendelea kama trekta, mpaka akafika mahali pa ugonjwa na akatutangazia sisi wote, na pasta akiwa hapo, kwamba Mama Njeri aliuawa na prosteti. Kumbe walichukua karatasi ya mzee mwingine aliyezikwa Kimbo, wakabadilisha jina na picha, wakapeleka kwa mashini. Hakuna mtu alisoma. Mjukuu wangu Shiro akaninong'onezea, "Cucu, usicheke. Wali-copy wakasahau ku-edit." Nikamwambia sicheki, nangoja jeneza ifunguke. Kwa sababu huyo mama akiwa hai, herufi moja ikikaa vibaya kwa karatasi alikuwa anairarua mbele ya macho yako, halafu anaangalia mikono yako kama ni wewe umepaka karatasi kinyesi.

Sitakuambia nilizaliwa wapi wala na nani. Nilizaliwa, unaniona, hiyo inatosha. Nataka kukuambia tu mwaka mmoja, ule mwaka nilikuwa msichana wa chai kwa ofisi ya kuuza pampu za maji na mabomba, hapo katikati ya Thika, juu ya kinyozi. Ngazi ilikuwa imesimama wima hivi, mteja akifika juu alikuwa anataka maji ya kunywa, si pampu. Jikoni yangu ilikuwa ndogo, ukipiga chafya unagonga kuta zote. Lakini sufuria yangu! Hiyo sufuria pasta angebatizia watu ndani. Nilikuwa natia maziwa, majani, tangawizi, na harufu inashuka ngazi mpaka wateja wa kinyozi wanapanda juu kuuliza bei ya pampu, na hawana hata kisima. Ukuta wa jikoni ulikuwa wa mbao nyembamba, kwa hivyo kila kitu kilisemwa upande wa Meneja nilikisikia vizuri, na hata kile hakikusemwa, kama tumbo yake ikinguruma. Na alikuwa na tumbo, huyo. Tumbo ilikuwa inafika kazini asubuhi, halafu yeye anafika baadaye.

Upande ule mwingine ndio chumba cha kupiga chapa, na hapo ndipo Mama Njeri alikaa. Jina lake lilikuwa Rahab, lakini Thika nzima ilimwita Madam, hata muuza ndizi. Taipureta yake ilikuwa nyeusi, nzito kama ng'ombe amelala, na alikuwa anaipiga bila kuiangalia, anaangalia dirishani kama mtu amekasirikia barabara. Tatata, tatata, kengele, anarudisha, tatata. Wallahi nimeona moshi ikitoka kwa vidole. Viatu vyake vilikuwa vya kisigino, vyeusi, vinang'aa mpaka ungejichania nywele ndani. Akitembea, ko, ko, ko, watu wanaacha uongo na kushika kalamu. Mimi alikuwa ananiita "kairitu," yaani msichana tu, kwa sababu kuuliza jina langu ingekuwa kupoteza pumzi. "Kairitu, hii ni chai ama ni maji ya kuosha sufuria?" Na anakunywa yote. Karibu na yeye alikaa Purity, msichana wa rika yangu, alipiga chapa kama kuku anadonoa mahindi, moja hapa, anafikiria, moja pale. Saa nne Mama Njeri anatoa nduma zake kwa karatasi ya gazeti, anakula na uma. Nduma! Na uma! Purity anakula mandazi kwa mkono, na anaangaliwa kama fisi.

Sasa, mwaka huo Meneja akanunua kompyuta. Hatukuwa tumeiona ila kwa picha. Ilibebwa kwa hiyo ngazi na wanaume wanatweta, Meneja nyuma anapiga kelele, "Polepole! Hiyo ni akili mnabeba!" Mmoja akajibu, "Basi mkubwa hii akili ni nzito, lazima si yako." Ilitengenezewa chumba chake. Mimi nilikuwa napika kwa kichuguu, lakini kompyuta ilipewa chumba chenye kapeti, pazia, na mashini ya kupuliza baridi, ya kwanza kwa hiyo jengo. Ikaletewa pia kijana wa kuichunga, jina Symon, alikuwa amesoma kompyuta wiki chache huko Nairobi na akarudi akitembea kama daktari wa moyo. Tulimwita System kwa sababu hakuwa na jibu lingine. Ukimuuliza mbona karatasi haijatoka, "Ni system." Mbona umechelewa, "System." Huyo sheria yake ya kwanza ilikuwa moja: hakuna mtu ataingia kwa kompyuta na viatu. Vumbi inaua mashini. Akaweka stuli mlangoni, akakaa hapo kama mzee wa kanisa anangojea sadaka.

Na watu wakavua! Watu wazima! Mhasibu, muuzaji, watu walikuwa na wake na mashamba, wanainama hapo kwa mlango wakifungua kamba, matako juu. Meneja mwenyewe akivua, kidole kikubwa kinachungulia kwa shimo ya soksi kama kobe. Na hiyo harufu! Chumba kimefungwa madirisha, baridi inapulizwa, soksi za wanaume za Thika zimekusanyika hapo kwa kapeti. Nikiingiza chai nilikuwa nashika pumzi kama mtu anavuka mto. Hiyo mashini kama ingekuwa na akili kweli, ingeomba kurudishwa kwa boksi.

Halafu siku moja nikasikia kwa ule ukuta. Meneja anamwambia mhasibu, "Wapiga chapa wawili wa nini sasa? Mwisho wa mwaka tunabaki na mmoja. Yule atajua kompyuta ndiye atabaki." Mhasibu akauliza, "Na Mama Njeri?" Meneja akacheka kidogo. "Mama Njeri aingie ajifunze, nani amemkataza?" Nilikimbia nikamwambia Mama Njeri. Sijui kwa nini, hakuwa ananipenda. Alimaliza mstari, akavuta karatasi, akasema, "Basi nitajifunza. Hicho ni kisanduku tu, hakina meno." Akasimama, ko, ko, ko, mpaka kwa ule mlango. Mimi nyuma na kitambaa, nikijifanya napangusa ukuta.

"Madam," System akasema, "viatu."

"Viatu vimefanya nini?"

"Vinavuliwa hapo nje."

"Nimevipiga rangi asubuhi. Kama kuna vumbi, nionyeshe."

"Ni sheria, Mama Njeri. Hata Meneja anavua."

"Nimejua. Nimenusa."

System akaona hapo hawezi, akakimbilia Biblia. "Mama, hata Musa alivua viatu mbele ya kile kichaka."

"Musa aliambiwa na Mungu mwenyewe. Wewe umeambiwa na nani? Na hicho kisanduku chako, kimewaka moto lini?"

Akageuka akarudi. Purity, huyo alikuwa amevua kitambo, kucha za miguu amepaka nyekundu, ameingia ndani, na System anamfundisha akimwinamia kama mti wenye mzigo. Kompyuta alijifunza, siwezi kumkatalia. Alijifunza ule mchezo wa karata. Miezi yote hiyo alikuwa anacheza karata na mashini, na mashini inamshinda.

Mimi nilidhani Mama Njeri ni maringo tu. Nikamfuata siku ingine jikoni, alikuwa amekuja kuongeza chai, kitu hakufanya kamwe. Nikamwambia, "Mama, si uvue tu, dakika kidogo, ujifunze, ubaki? Njeri si bado yuko shule?" Aliniangalia, nikafikiri atanipiga. Halafu akasema polepole, "Kairitu, mimi niliingia hii Thika miguu mitupu. Nilikaa kwa darasa la kupiga chapa miguu mitupu, nimeificha chini ya kiti, na wenzangu wanacheka. Mshahara wa kwanza ulikuwa viatu. Nilijiambia hakuna mwanaume wa ofisi ataona vidole vyangu tena. Leo navua kwa sababu ya kompyuta. Kesho nitavua kwa sababu ya nini?" Akachukua kikombe. "Na hii chai imezidi sukari." Kwa hivyo ilikuwa hiyo. Ilikuwa na maringo pia, nisidanganye, lakini ilikuwa hiyo.

Basi ikaja ile baridi ya Julai, unajua vile inakaa hapa, hakuna jua, watu wana midomo myeupe kama wamekula unga. Na Meneja kwa chumba cha kompyuta, na soksi yenye shimo, na ile mashini inampulizia baridi juu ya baridi. Akavumilia, akavumilia, halafu akazima ile mashini ya baridi. System akasema, "Lakini mkubwa, walisema…" Meneja akasema, "Walisema wakiwa wapi?" System akasema, "Ndio mkubwa." Halafu Meneja, na hapa ndipo utajua watu wenye vyeo wametoka wapi, akaitazama kompyuta akaihurumia. Akasema imekaa uchi. Si unajua nyumba zetu? Kwetu redio ina kitambaa, kochi ina kitambaa, thamosi ina kitambaa, hata kitambaa kingine kimewekwa kitambaa juu. Kitu ya maana inafunikwa, hiyo ndiyo heshima. Akamwita Mama Njeri, ambaye hakuna mtu alishona kwa krosheti kama yeye kutoka Makongeni mpaka Ruiru, akamwambia aishonee kompyuta nguo. Na alishona. Rangi ya maziwa, maua ya waridi pembeni, ya kichwa, ya vidole, na ya ule mgongo wake mkubwa wa nyuma. Alishona vizuri sana, kwa sababu hakujua kufanya kitu vibaya, hata kwa adui. Meneja akafurahi, akatoa amri isivuliwe kamwe, wakifanya kazi wainue ya mbele tu, kama bibi harusi. Baridi ikazidi, bibi yake Meneja akaleta blanketi ya mtoto, ikawekwa juu ya kitambaa. Ikawa kompyuta imevaa kuliko sisi wote.

Siku ya siku, wakubwa wakaja kutoka Nairobi. Shamba moja kubwa ya kahawa upande wa Ruiru ilikuwa inataka pampu nyingi, na karatasi ya bei ilikuwa lazima ifike huko kabla saa kumi. Meneja akasema mtaona kompyuta ikiipiga mara moja, hamtaamini. Hawakuamini, kweli. Kwanza wakavua viatu, mzee mkubwa wao akiwa ameegemea ukuta kama flamingo. Wakaingia. Mimi nikaingia nyuma na birika. Kompyuta ilikuwa imewashwa tangu asubuhi na mapema, Meneja alitaka ipate moto. Na ilipata. Alipoinua ile nguo ya mbele, moshi ikatoka polepole, ya kijivu, na harufu ya uzi na plastiki, halafu yale maua ya waridi yakaanza kushika moto moja moja, nasikia mtu akisema "Ngai!" na ni System. Meneja akaniona. "Mwaga! Mwaga!" Sasa mimi ni mtu wa kuambiwa. Nikamwaga. Chai ya maziwa, na tangawizi. Kulikuwa na mlio, paa! Stima ikapotea kwa jengo nzima. Kule chini kinyozi alimwacha mtu na nusu kichwa, na wanasema huyo mtu alitembea hivyo Thika mpaka kesho yake. Kichaka cha Musa kiliwaka bila kuungua. Hiki chetu kiliwaka na kikaungua mpaka waya.

Wakatoka nje kwa giza wakikohoa, wanatafuta viatu, kila mtu anavaa anachoshika, yule mzee mkubwa mguu mmoja ana kiatu cha System. Na kwa hiyo kelele yote, unajua tulisikia nini? Tatata, tatata, kengele. Mama Njeri alikuwa anapiga barua yake. Taipureta haijui stima ni nini. Wakakimbilia huko wote kama kuku wameona mahindi, Meneja mbele, tumbo kwanza.

"Mama Njeri! Haraka! Karatasi ya bei!"

Hakuinua macho. "Viatu."

"Nini?"

"Hiki ni chumba cha mashini, Bwana Meneja. Sheria ni yako. Vumbi inaua mashini."

"Mama, hakuna wakati!"

"Basi vua haraka."

Nilikuwa hapo. Niliona Meneja akimtazama yule mzee wa Nairobi, anangoja amtetee. Mzee akaangalia vile viatu viwili vyake ambavyo havikuwa ndugu, akaangalia saa, akainama, akavua. Basi wote wakavua. Meneja wa mwisho, na kidole chake kile kikatoka kuwasalimia watu. Mama Njeri akamsimamisha katikati ya chumba, miguu kwa simiti, kwa hiyo baridi ya Julai, amsomee bei kwa sauti. "Rudia, sijasikia." Alikuwa amesikia. "Rudia." Yeye na visigino vyake chini ya meza, anapiga bila kuangalia, macho kwa dirisha. Karatasi ikatoka safi kama shuka ya hospitali, na dereva akashuka nayo mbio. Ile oda tulipata. Mimi nilirudi jikoni nikacheka mpaka nikakaa chini kwa gunia ya makaa.

Ungefikiri hiyo ilimwokoa, eh? Huwajui hawa watu. Mwisho wa mwaka kompyuta ingine ililetwa, na Purity ndiye akabakishwa kwa sababu ati amehitimu. Mama Njeri akapewa sherehe: chapati, ndengu, soda moja kila mtu, na saa ya ukutani imefungwa na karatasi ya maua. Chapati nilipika mimi na nikatia machozi, hakuna mtu alijua tofauti. Meneja akasema maneno mengi juu ya familia moja, huyo mtu alikuwa anafukuza familia. Mama Njeri akasimama, akapangusa midomo. "Asante kwa saa, Bwana Meneja. Hata soksi ingefaa, lakini hiyo ungebaki nayo wewe." Halafu akashuka ile ngazi. Ko. Ko. Ko. Hakukimbia na hakushika ukuta. Ofisi nzima ilinyamaza ikisikiliza mpaka kisigino cha mwisho kikafika chini, na hapo ndipo kwa mara ya kwanza nilisikia vile hiyo ofisi ilikuwa tupu. Baada ya Krismasi sikurudi. Nilienda Kimbo nikaanza kupika chai yangu mwenyewe hapo karibu na stegi ya matatu, na tangu hiyo siku mtu akitaka kuniamrisha lazima kwanza anunue chai. Yeye aliweka meza kwa veranda moja Thika, akanunua taipureta kuukuu, akapiga watu barua za korti na za kazi, mpaka macho yakakataa.

Siku hizi naishi na Shiro huko Membley, kwa nyumba yenye geti na askari anayekuuliza unaenda wapi na wewe unarudi kwako. Shiro anafanya kazi kitandani. Naapa. Asubuhi anavaa blauzi ya kanisani juu, chini ana suruali ya kulala na malapa ya manyoya, anafungua laptopu, na hiyo ndiyo ofisi. Bosi wake hajawahi kumwona miguu, hajui kama anayo. Wiki iliyopita mwenzake alifutwa katikati ya mkutano, uso ukapotea tu kwa kioo, na wengine wakaendelea kuongea. Nikauliza, "Hata chapati hawakumpikia?" Shiro akasema, "Aki cucu, wewe na chapati." Mimi nadharau zile ofisi za zamani na roho yangu yote, lakini angalau ukifukuzwa watu walikuwa wanasikia ukishuka ngazi.

Baada ya yule kijana kumaliza kutusomea huyo mwanaume wa prosteti, wakapitisha watu mbele ya jeneza. Ilikuwa imefunguliwa juu tu, uso. Nikamshika Njeri mkono, sasa ni mama mzima ana mvi, nikamnong'onezea, "Miguu je?" Alinielewa haraka, akacheka na machozi. "Amevaa, auntie. Hiyo ndiyo kitu moja aliagiza. Vile vya kisigino. Nilivipiga rangi mimi mwenyewe." Nikasema sawa. Karatasi waseme wanavyotaka, ati mume, ati mbuzi. Huyo mama ameingia na viatu vyake. Mwenyewe alisema kuna Mmoja tu anaweza kumwambia avue, yule aliyemwambia Musa. Sasa wako pamoja huko, wawili, mlangoni. Na mimi ningekuwa Yeye, ningeanza kwanza na kumsalimia.